Pumzi Niliyoisikia Kwenye Simu

"Dada, ulikuwa unakimbia?"

Hivyo ndivyo mdogo wangu alivyojibu ujumbe wa sauti wa dakika nne niliomtumia jioni moja. Sikuwa nakimbia. Nilikuwa nimekaa kitini, miguu nimeinyoosha, na sikuwa nimenyanyuka kwa zaidi ya saa nzima. Nikaurudia ujumbe wangu nikausikiliza. Kila nilipomaliza sentensi nilivuta hewa kwa mdomo, kwa kishindo, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mahali pengine sentensi ilikatika katikati ili nipate kuhema.

Nikausikiliza tena. Halafu nikatafuta jumbe za miezi iliyopita. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Nimeishi na mzio wa pua na pumu tangu utotoni. Chafya za asubuhi, macho kuwasha, pua kuziba upande huu kisha kuhamia upande ule, kifua kubana vumbi likizidi: hayo nayajua kama ninavyoujua uso wangu. Nilichokuwa sikijui ni sauti ile. Usiku huo likanijia swali ambalo halikuniacha kwa majuma kadhaa. Je, napumua hivi kwa sababu ya mzio, au mzio unanielemea hivi kwa sababu ya ninavyopumua?

## Kujihesabu

Kesho yake nilianza kujichunguza, nikagundua kwamba pumzi haikubali kuchunguzwa. Ukiiangalia tu, inabadilika. Basi nikamwomba mume wangu anihesabie siku yoyote atakayochagua, bila kunijulisha.

Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, na kwa dakika hiyo huingiza takriban lita 6 za hewa. Mume wangu alinihesabia mara 23 nikiwa nasoma. Mdomo ulikuwa wazi.

"Mbona siku zote uko hivyo," akasema. "Nilidhani unajua."

Sikujua.

## Kazi ya pua

Nilianza kusoma. Nilikuwa nimeichukulia pua yangu kama adui kwa miaka mingi kiasi kwamba nilisahau ina kazi. Hewa ikipita puani huzungushwa kwenye kuta zenye utando uliolowana na kujaa damu. Inapofika kooni imeshapashwa moto na kujaa unyevu, na chembe nyingi kubwa zimeshanaswa kwenye kamasi. Mdomo hauwezi kazi hiyo kwa kiwango hicho. Anayehema kwa mdomo anaachia mirija ya mapafu kazi ya kuilainisha hewa iliyofika ikiwa kavu.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, kwa sababu ndipo pumzi na mzio vinapokutana. Mirija ikipoteza maji, chumvi katika utando wake hukolea. Kukolea huko peke yake kunaweza kuzichokoza seli za masti, zile zile zilizobeba histamini, kemikali inayoleta chafya na kuwasha, zikamwaga shehena yake. Hakuna chavua iliyoingia, hakuna paka aliyepita. Ni ukavu tu. Ndiyo maana watu wengi wenye pumu hubanwa wakikimbia. Mwaka 1978 ulichapishwa utafiti uliowafanyisha mazoezi wagonjwa wa pumu kwa njia mbili, mdomo ukiwa wazi na mdomo ukiwa umefumbwa. Walipopumua kwa pua walibanwa kidogo sana kuliko walipopumua kwa mdomo.

Kuna na jambo la sainasi, yale mapango yaliyo ndani ya mifupa ya uso. Mwaka 1995 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba huko huzalishwa gesi ya nitriki oksaidi kwa wingi. Gesi hiyo hupanua mishipa ya damu, na ukivuta hewa kwa pua unaishusha pamoja na hewa hadi mapafuni. Miaka saba baadaye wakaonyesha kwamba mtu akitoa pumzi huku akivumisha sauti, mdomo umefumbwa, gesi hiyo hutoka puani mara 15 zaidi ya anapotoa pumzi kimya. Nilivumisha sauti jikoni siku nzima. Siwezi kusema kilinitibu kitu, lakini nilipenda kujua kwamba ndani ya uso wangu uliovimba kulikuwa na kiwanda.

Nikaazimia kufumba mdomo.

## Chafya kumi na moja

Siku ya tatu ya azimio hilo nilikuwa natandika kitanda. Mdomo nimeufumba, navuta hewa polepole puani, najisikia mtu mwenye nidhamu. Nikakung'uta shuka.

Nikapiga chafya kumi na moja mfululizo.

Niliketi sakafuni machozi yakinitoka, na shaka ya kwanza ikanishika hapo. Ikiwa pua ndiyo inayonasa chembe, basi pua ndiyo inayopigwa. Punje nyingi za chavua ni kubwa mno kufika ndani ya mapafu, hutua puani. Kinyesi cha utitiri wa vumbi, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro wakila vipande vya ngozi yetu, nacho hutua hapo hapo kwa sehemu kubwa. Na pua yangu imejaa seli zenye kingamwili za IgE, zile zinazoamsha mzio, zinazoisubiri chembe hiyo hiyo. Kwa kufumba mdomo nilikuwa nimeyalinda mapafu kwa kuitanguliza pua vitani.

Hilo halisemwi na wanaosifu kupumua kwa pua. Wanasema pua ni kichujio, wanaishia hapo. Hawaulizi inakuwaje kichujio chenyewe kikiwa ndicho chenye jeraha.

Nikakumbuka yaliyotokea Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016. Jioni hiyo dhoruba ya radi ilipita juu ya jiji wakati wa msimu wa chavua ya nyasi. Punje zilipasuka zikawa vipande vidogo sana, vidogo kiasi cha kuipita pua na kuzama mapafuni. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali wakiwa hawawezi kupumua, na 10 walifariki. Wengi wa walioathirika walikuwa na mzio wa pua tu, na hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Maisha yao yote pua ilikuwa imebeba mzigo kwa niaba ya mapafu, na siku mzigo ulipobadilika ukubwa, ukapita.

Baada ya hapo sikuweza tena kuichukia pua yangu. Lakini pia sikuweza kujidanganya kwamba kuitumia kutazimaliza chafya.

## Hoja ya Buteyko

Ukisoma habari za pumzi na mzio kwa siku mbili tatu, utakutana na jina la Konstantin Buteyko. Alikuwa daktari wa Muungano wa Kisovieti, alizaliwa 1923 na kufariki 2003. Hoja yake ni kwamba wengi wetu tunapumua kupita mahitaji ya mwili. Kwa kufanya hivyo tunafukuza kabonidayoksaidi nyingi mno, na mwili unajihami kwa kubana mirija na kujaza kamasi ili isizidi kupotea. Kwa mtazamo wake, kubanwa kifua na kuziba pua ni ulinzi. Fundisha mwili kupumua kidogo, ulinzi huo utaondoka.

Nilipolisoma hilo nilisisimka. Niliona ule ujumbe wa sauti umepata maelezo.

Na sehemu ya hoja ina mizizi. Mwaka 1904 Christian Bohr wa Denmark na wenzake walionyesha kwamba kabonidayoksaidi ikipungua katika damu, himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, huing'ang'ania oksijeni hiyo na kuiachia kwa shida. Mishipa ya damu ya ubongo nayo hujibana. Kwa hiyo mtu anaweza kuhema sana na bado akahisi hapati hewa, kichwa chepesi, ganzi kwenye vidole na midomo. Ile ganzi naijua. Imenijia mara nyingi nikiongea mbele ya watu, na kila mara niliitibu kwa kuvuta hewa zaidi.

Nikaanza mazoezi. Unatoa pumzi ya kawaida, unabana pua, unahesabu sekunde mpaka uhisi hamu ya kwanza ya kuvuta hewa, basi unaachia. Siku ya kwanza nilifika 14. Buteyko alitaka watu wafike 40 na zaidi. Baada ya majuma matatu nilikuwa na 27. Nililala vizuri zaidi. Mdogo wangu akaniandikia kwamba siku hizi nazungumza kama mtu aliyekaa chini.

Pia kulikuwa na zoezi la kuzibua pua: unatoa pumzi, unabana, unatembea hatua kadhaa, unaachia taratibu kwa pua. Lilifanya kazi. Pua ilifunguka kwa dakika kadhaa, halafu ikajifunga tena. Kwa mtu aliyezoea kuamka na pua mbili zilizozibwa kama kwa gundi, dakika kadhaa si haba.

## Siku kumi na moja

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilipofika sekunde 27 niliacha inhela yangu ya kinga, ile ya asubuhi na jioni. Hakuna aliyeniambia niache. Nilijiambia mwenyewe, kwa sababu namba ilikuwa inapanda na namba inayopanda hushawishi. Kila jioni nilijipima, nikaandika kwenye daftari, nikafurahi. Kifua kilianza kupiga filimbi usiku siku ya sita. Nikasema ni mwili unazoea. Siku ya tisa nilipanda ngazi nikasimama katikati. Jioni ile nilipata sekunde 28, nikaiamini hiyo badala ya ngazi.

Usiku wa siku ya kumi na moja niliamka saa tisa nikiwa siwezi kumaliza sentensi.

Nataka niliseme hili wazi kwa sababu najua nani anasoma. Nilichofanya kwanza hakikuwa kutafuta inhela ya dharura. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajaribu kupunguza pumzi. Nilijaribu kubana pua. Mirija imejifunga, mwili unalia hewa, na mimi naunyima kwa makusudi huku nikiamini naufundisha. Mume wangu aliwasha taa, akaniangalia mara moja, akaenda kuileta inhela, akaniwekea mkononi bila neno. Nikavuta mara kadhaa, kukawa na nafuu. Tukaenda hospitali hata hivyo.

Daktari wa zamu alinisikiliza kifua, kisha akanisikiliza mimi. Hakunicheka kuhusu mazoezi. Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, kwa nini niliacha dawa. La pili lilinishtua zaidi: natumia nini puani?

Nikamtajia yale matone ya kuzibua pua.

"Kwa muda gani?"

"Miezi minne."

Akaweka kalamu mezani. Akanieleza kwamba matone yale ni ya siku chache tu. Yakizidi, mishipa ya puani huyategemea, na kila yakiisha nguvu pua huvimba kuliko mwanzo, nawe unaongeza tena. Hivyo basi sehemu ya kuziba kwangu haikuwa mzio wala tabia. Ilikuwa dawa niliyoifanya mazoea. Nilihema kwa mdomo kwa sababu pua ilikuwa imezibwa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiiziba kila usiku nikidhani naifungua.

Nililia ndani ya gari kurudi nyumbani, si kwa maumivu.

## Vipimo viwili

Nilipopata nguvu nilirudi kwenye tafiti, safari hii nikisoma kwa kutafuta kilichopimwa. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa Australia kuhusu mbinu ya Buteyko kwa watu 39 wenye pumu. Waliofundishwa walipunguza sana matumizi ya inhela ya dharura. Lakini nguvu ya mapafu kutoa hewa haikubadilika, na kabonidayoksaidi, ile iliyobeba hoja nzima, nayo haikubadilika. Wakapata nafuu bila kile kilichosemwa kuwa ndicho chanzo cha nafuu. Mwaka 2003 utafiti wa Uingereza ukaja na picha inayofanana: dalili zilipungua, mapafu yalibaki vilevile. Mwaka 2018 ukatoka mkubwa zaidi, wa Uingereza pia, watu 655, baadhi yao wakifundishwa kupumua upya ama ana kwa ana ama kwa video. Maisha ya waliofundishwa yakawa bora kwa vipimo vyao wenyewe. Mapafu hayakubadilika. Uvimbe wa mirija nao haukubadilika.

Kwa siku kadhaa nilisoma matokeo hayo kama kushindwa. Nilitaka pumzi itibu, nikaona haitibu.

Kisha nikamkumbuka yule mwanamke kwenye ujumbe wa sauti, anayehema katikati ya sentensi akiwa amekaa kitini. Yule hakuwa anaumwa mapafu saa ile. Alikuwa na hofu ya miaka mingi ya kukosa hewa, iliyogeuka kuwa namna ya kuvuta hewa, na namna hiyo ilimkausha koo, ikamtia ganzi midomoni, ikamfanya atafute inhela ya dharura hata pale mirija haijajifunga. Mateso yake yalikuwa ya kweli. Mazoezi yaliyagusa mateso hayo. Hayakugusa IgE, na hakukuwa na sababu ya kuyadai yaiguse.

Nilikuwa nimechanganya magonjwa mawili yaliyolala kitanda kimoja. Kupumua vibaya kunaweza kuufanya mzio uonekane mkubwa kuliko ulivyo, na kupumua vizuri kunaweza kuuficha uonekane mdogo kuliko ulivyo. La pili ndilo lililonipeleka hospitali usiku.

## Kuvuta taratibu

Inhela ya kinga imerudi, asubuhi na jioni. Matone niliyaacha, na majuma mawili ya kwanza bila hayo yalikuwa magumu. Nilipewa dawa ya kupuliza puani ambayo hufanya kazi kwa siku na majuma, na muuguzi akaniuliza naitumiaje. Nikamwonyesha: nilipuliza, nikavuta kwa nguvu kama mtu anayerudisha kamasi.

"Umeimeza," akasema.

Alinifundisha kuelekeza ncha upande wa sikio, nje kidogo, isipige ukuta wa katikati, kisha kuvuta kidogo tu, taratibu. Inhela ya kupuliza nayo vivyo hivyo: kuvuta polepole na kwa kina, kisha kubana pumzi kama sekunde 10 ili dawa itue. Kwa miaka nilikuwa nikizivuta dawa zangu kwa pupa ile ile niliyoivutia hewa. Nadhani hili ndilo jibu lililo karibu zaidi na swali langu la mwanzo.

Mazoezi ya pumzi nayafanya bado, dakika kumi jioni, bila daftari. Shuka nazifua kwa maji ya nyuzi 60, kwa sababu utitiri haujali napumuaje. Pua naisafisha kwa maji ya chumvi, maji yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja.

## Mdomo wa mtoto

Limebaki jambo moja, na ni zito kwangu kuliko usiku wa inhela.

Mwanangu ana miaka sita. Analala mdomo wazi na anakoroma. Katika majuma yale ya bidii nilikuwa nikipita chumbani kwake na kumwamsha. "Funga mdomo, mwanangu. Pumua kwa pua." Mchana pia, akiwa anachora, akiwa anaangalia katuni. Funga mdomo. Akawa ananiangalia, anafumba, na baada ya muda mfupi anafumbua. Nikaanza kumkaripia. Nilikuwa nimesoma kwamba ni tabia, na tabia hurekebishwa.

Yule daktari aliniuliza kama kuna mwingine nyumbani mwenye matatizo ya pua. Nikampeleka. Wakamchunguza, wakanionyesha kwenye picha: nyama za pua zimekua mpaka zimekaribia kuziba njia yote nyuma ya pua. Hakuwa na pa kupitishia hewa zaidi ya mdomo. Kila nilipomwambia aufumbe nilikuwa nikimtaka akose pumzi, naye kwa utii wake alijaribu.

Jioni ile nilikaa kitandani kwake nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba pua yake imezibwa kwa ndani na si kosa lake, na kwamba tutarudi hospitali ili ipatiwe dawa, na isipotosha, daktari ataziondoa zile nyama.

Alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo leo naweza kulala mdomo wazi?"

Nikamwambia alale anavyoweza. Nikakaa pale mpaka akasinzia.